Samaki Asile Chakula cha Mtoto: Safari Yetu ya Nakivubo

 

Wengi wenu mlituona alfajiri ile tukipanda boda boda, magunia matupu tumeyakunja kwapani. Mkauliza tunaenda wapi, tukajibu, "Nakivubo." Mtoto mmoja akacheka sana. "Si ndiyo hapa?" Hapana, mwanetu. Hapa petu ni Nakivale. Nakivubo iko Kampala, katikati ya mji, penye uwanja wa mpira, soko la Owino na ule mfereji mkubwa wa maji machafu. Majina yanafanana kama mapacha, basi hata kondakta wa basi alituuliza mara mbili kama tunajua tunakokwenda.

Tulikuwa tunakwenda kutafuta chakula cha samaki. Lakini kabla hatujaeleza ya njiani, lazima tueleze kwanza aibu iliyotutoa nyumbani.

ALFAJIRI YA SAMAKI KUFA

Kikundi chetu kina familia 14. Tulichimba bwawa kwa majembe, mita 10 kwa 20, watoto wakibeba udongo kwa mabeseni. Afisa wa uvuvi wa wilaya alikuja kwanza akaangalia, maana samaki tuliowataka siyo wa maji ya hapa. Tulitaka kapi, yule samaki mwenye sharubu fupi nne pembeni mwa mdomo, ambao wale wa aina ya kioo wana magamba makubwa machache tu. Tukaweka vifaranga 200.

Tukawalisha kwa moyo wote. Kila jioni beseni zima la pumba, na mabaki ya posho, na makombo yoyote, na juu yake samadi mbichi ya kuku. Sisi tulijua hivi: ukimlisha sana mnyama, ananenepa. Basi tukamwaga.

Siku moja alfajiri, mlinzi wetu akaja anakimbia. Samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanahema kama watu waliobanwa kifua. Ilipofika saa nne asubuhi, wengi walikuwa wamelala ubavu. Tulivua, tukahesabu, tukabaki na 71.

Tukaita mkutano. Watu wakasema mambo mengi, mmoja akasema sumu, mwingine akasema vifaranga vilikuwa vibovu. Ndipo mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, akasimama. Alisema hivi: "Mimi nimetoa vikombe viwili vya unga wa watoto wangu kila siku, miezi mitatu. Watoto wamekunywa uji mwepesi ili samaki wale. Sasa samaki wamekufa. Nani atawajibu watoto wangu?"

Hakuna aliyejibu. Ninyi mnajua mgao ulivyo. Mwaka 2020 ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2021 ukakatwa kwa asilimia 40. Mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi, wengine wapate zaidi, wengine kidogo, wengine wasipate kitu. Vikombe viwili vya unga katika nyumba yenye watoto watano siyo jambo dogo.

Basi tukaamua akiba iliyobaki itumike kwa jambo moja: watu watatu waende Kampala, wakaulize, wanunue chakula kinachofaa. Tukamchagua mwenyekiti mzee, kijana mmoja anayejua Kiganda, na huyo mama mwenyewe. Yeye ndiye alikuwa na swali, basi aende akatafute jibu.

KUINGIA MJINI

Kutoka Mbarara mpaka Kampala ni kama kilomita 270. Unapita Lyantonde, unapita Masaka, halafu Kayabwe pale penye mstari wa ikweta, ambapo wazungu wanasimama kupiga picha. Sisi hatukusimama. Tulifika Kampala usiku, tukalala kwa ndugu.

Asubuhi tukateremka Nakivubo. Jamani, watu! Ni bonde, vilima vya mji vimelizunguka, na kila kitu kinateremka kuingia humo: watu, teksi, mizigo na maji ya mvua pia. Uwanja wa Nakivubo ulifunguliwa mwaka 1926, na sisi wazee tuliusikia redioni miaka mingi kwa ajili ya mpira. Siku hizi umejengwa upya na kuzungukwa na maduka mengi, ukafunguliwa tena mwaka 2024. Kando yake ndipo soko la Owino, jina lake la ofisini ni St. Balikuddembe. Ukiingia humo shika mfuko wako na shika mkono wa mwenzako.

Upande wa samaki wakavu ndipo tulipopata somo la kwanza. Kuna vilima vya mukene, yaani dagaa wa ziwani. Kijana wetu akauliza bei. Muuzaji akamjibu kwa swali: "Wa watu au wa kuku?"

Tukashangaa, dagaa si dagaa? Kumbe hapana. Wapo wanaoanikwa juu ya vichanja au nyavu, hao ni safi, ni wa kula watu. Wapo wanaoanikwa chini kwenye mchanga, hao wanakwenda kwenye chakula cha mifugo. Muuzaji akachota konzi ya wale wa pili, akatia kwenye kikombe cha maji, akakoroga. Dagaa wakaelea, mchanga ukatulia chini, unene wa kidole. "Huo mchanga nao unapimwa kwenye kilo," akasema, akacheka.

Mama yetu alisimama pale muda mrefu, kushoto rundo la watu, kulia rundo la kuku. Akatuambia taratibu, "Hao wa kushoto ndio mwanangu wa mwisho anawahitaji." Na ni kweli. Mukene huliwa mzima, nyama na mifupa, kwa hiyo mtoto anapata protini na anapata pia chokaa ya mifupa. Katika Uganda, sehemu kubwa ya mukene haifiki kwenye sahani ya mtu. Inasagwa, inakwenda kwa kuku na samaki wa kufugwa. Yaani tunachukua samaki mdogo ambaye mtoto angemla, tunamlisha samaki mkubwa ambaye mtoto huyo hana hela ya kumnunua. Tukaondoka pale tunawaza.

MASHINE ZA KISENYI

Kutoka Owino unatembea kidogo unafika Kisenyi. Huko ni mashine tupu. Nyumba kwa nyumba wanasaga mahindi, vumbi jeupe juu ya nywele za vijana, utadhani wote ni wazee. Kisenyi ina ndugu zetu Wasomali wengi, na Kiswahili kinasikika kila kona, kwa hiyo hatukujiona wageni sana.

Pumba ya mahindi inauzwa hapo kwa magunia, tena kwa madaraja. Kuna namba moja, laini, yenye kiini cha punje na unga kidogo. Kuna namba mbili, maganda matupu. Mpagazi mmoja alitufundisha kuichagua. Tia mkono katikati ya gunia, siyo juu tu. Ikiwa na joto au inashikana kama udongo, imeingia unyevu, iache. Inuse. Ikinuka kama nguo iliyolala mbichi, ina ukungu. Ukungu huo unatoa sumu ambayo macho hayaioni, na kuipika hakuimalizi. Inaharibu maini ya samaki, ya kuku, na ya mtu pia.

Hapo tukaangaliana. Yale mabaki ya posho tuliyokuwa tunayamwaga bwawani, mengine yalikuwa na ukungu. Tulisema, "si ni samaki tu."

Tulitaka kununua magunia matatu papo hapo na kurudi. Mzee wetu akakataa. Akasema, "Tumekuja kuuliza. Hatujauliza bado."

MAMA WA DUKANI

Kwenye barabara ya Nakivubo kuna mahali panaitwa Container Village. Ni maduka ya wakulima na wafugaji: mbegu, dawa za mimea, dawa za mifugo, mabomba ya kupulizia. Tuliingia maduka mawili wakatuona hatuna hela, hawakutujali. La tatu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, naye ana mabwawa yake upande wa Mukono. Alipomwona mzee wetu akamwamkia, akatuvutia viti. Kiswahili chake alikipata kwa kuuza bidhaa kwa Wakongo.

Tukamweleza yote, hata wale waliokufa. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Mzee wangu, kapi ana tumbo?"

Mzee akajibu, "Nnyabo, kila mnyama ana tumbo."

"Hana," akasema. "Kuku ana firigisi. Ng'ombe ana matumbo manne. Kambale ana mfuko wake wa tumbo. Kapi hana. Chakula kinatoka kooni kinaingia utumboni moja kwa moja. Hana pa kuweka akiba. Hata meno hana mdomoni, yako kooni, ndiyo anayosagia. Sasa ninyi mmemwekea beseni zima jioni. Amekula kidogo, nafasi imekwisha. Kilichobaki kimekwenda wapi?"

Tukasema, chini.

"Kimekwenda chini kikaoza. Kuoza kunakula hewa iliyo ndani ya maji. Na samadi mbichi nayo inakula hewa. Usiku yale maji ya kijani nayo yanavuta hewa, maana yanatoa hewa mchana tu, jua likiwepo. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri hewa imekwisha. Hakuna aliyewawekea sumu. Mliwanyima pumzi kwa chakula."

Mama yetu akainamisha kichwa. Tulinyamaza kidogo.

Halafu mama wa dukani akatoa daftari akaanza kutueleza polepole, na sisi tunawaandikia ninyi kama alivyosema.

Kapi ni mchimbaji. Mdomo wake unajinyoosha kama bomba, anafyonza matope, anachambua, anatema uchafu. Anachotafuta ni viluwiluwi vya wadudu, vile vyekundu kama uzi, na minyoo, na konokono wadogo, na mbegu. Wadudu hao, ukiwakausha, karibu nusu ya uzito wao ni protini. Pumba ya mahindi ina kama 10 katika 100 tu. Kapi mkubwa anahitaji kama 30 katika 100, na kifaranga anahitaji zaidi, karibu 40.

Basi tukauliza, pumba itatosha wapi? Akajibu kwa mfano ambao hatutausahau: "Pumba ni ugali. Wadudu wa matopeni ndio mboga. Bwawa likiwa na mboga ya kutosha, kapi unamwongezea ugali kidogo tu, na tumbo lake linapenda sana wanga kuliko samaki wengi. Bwawa likiwa tupu, hata ukimwaga ugali gunia zima, ni kama kumlea mtoto kwa ugali mtupu. Tumbo linajaa, mwili haukui."

Kwa hiyo kwanza unalisha maji, halafu ndiyo unalisha samaki. Kulisha maji ni kuweka samadi iliyokauka, kidogo kidogo, ndani ya kichanja kwenye kona ya bwawa, ili maji yawe ya kijani na wadudu wazaliane.

Kijana wetu alikuwa ameona magunia ya chakula kilichotengenezwa kiwandani, kile cha punje zinazoelea. Akauliza kama tununue. Mama angeweza kutuuzia, maana biashara ni biashara. Lakini akasema, "Hiki ni kizuri. Kilo moja na nusu mpaka mbili inaweza kukupa kilo ya samaki. Wenye samaki wengi mahali padogo, kwenye vizimba vya ziwani, hawana njia nyingine. Lakini ninyi mna samaki 71 kwenye bwawa la mita 200 za mraba. Bwawa lenyewe linaweza kuwalisha nusu. Msitumie hela ya watoto kununua kile ambacho matope yanatoa bure."

MFEREJI

Mchana tulikuwa na masaa kabla ya basi. Mama wa dukani alituambia, "Mkitaka kuona bwawa lililolishwa kupita kiasi, fuateni mfereji huu." Basi tukaufuata.

Mfereji wa Nakivubo unabeba maji ya sehemu kubwa ya Kampala. Ulipanuliwa na kujengewa kuta mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2025 imeanzishwa kazi ya kuufunika katikati ya mji, jambo lililoleta mabishano makali. Ukitoka mjini, unapita eneo la viwanda, unateremka kuelekea Bugolobi na Luzira. Maji ni ya kijivu, yana chupa, yana harufu. Maji ya sabuni, ya vyoo, ya masoko, damu ya machinjio, yote yanakwenda njia moja.

Halafu kule chini ukafika kwenye kinamasi. Mafunjo marefu kuliko mtu, na mashamba ya magimbi, ambayo Waganda wanaita mayuni, majani yake mapana kama masinia. Yamestawi kweli. Mzee wetu akasema, "Maji haya yana mbolea." Ndiyo, yana mbolea nyingi mno.

Kinamasi hicho kimefanya kazi ya mji bila mshahara kwa miaka mingi. Kinapunguza uchafu kabla maji hayajaingia Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Murchison. Mwaka 1999 wataalamu walichapisha hesabu yao: kazi hiyo ya kusafisha maji ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na dola milioni 1.75 kwa mwaka. Lakini mashamba, nyumba na viwanda vimekila kinamasi, na mji umekua. Chakula kikizidi majini, mimea ya kijani inafumuka, inakufa, inaoza, na hewa inakwisha. Tena Kampala inachota maji ya kunywa kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, na kuyasafisha imekuwa kazi ngumu. Serikali ikajenga mtambo mkubwa mpya wa maji machafu Bugolobi, wa lita milioni 45 kwa siku, na mtambo mwingine wa maji ya kunywa Katosi, mbali na ghuba hiyo.

Tulisimama pale. Mama yetu ndiye aliyesema neno: "Hili ni bwawa letu. Ni kubwa tu zaidi."

Ni kweli. Mji wa watu wengi unapitisha uchafu wake kwenye mfereji, na sisi familia 14 tulipitisha kwenye bwawa letu. Kosa ni moja. Tulidhani maji yanameza kila kitu.

TULICHOFANYA TULIPORUDI

Tulirudi na mzigo mdogo kuliko tuliotegemea: gunia moja la pumba namba moja, soya kidogo, mashudu ya alizeti, na wavu wa kuchotea. Watu wengine wa kikundi walikasirika. "Mmekwenda Kampala kuleta gunia moja?" Tukawaomba subira, twende bwawani wote.

Kwanza tukavua samaki 20 tukawapima pamoja. Kilo 2 na gramu 400. Maana yake kila mmoja ni gramu 120. Samaki 71 mara gramu 120 ni kama kilo 8 na nusu. Kapi wa ukubwa huo, mpe kama 3 katika 100 ya uzito wake kwa siku. Tukapiga hesabu chini kwa kijiti: gramu 255.

Mzee akaomba kikombe. Tukachota pumba, tukapima. Gramu 255 ni vikombe viwili na kidogo.

Watu wote wakanyamaza. Vikombe viwili. Bwawa zima lilihitaji vikombe viwili, vile ambavyo mama mmoja peke yake alikuwa anatoa kila siku, na familia nyingine 13 zilikuwa zinamwaga juu yake.

Mwenyekiti wetu alisimama mbele ya kikundi akamwomba mama yule msamaha, kwa niaba ya wote. Halafu tukapitisha sheria moja, na tunaiandika hapa ili mtushike nayo: hakuna unga wa mgao kwenda bwawani. Samaki asile chakula cha mtoto. Anayetaka kuchangia alete majani, alete samadi iliyokauka, alete mchwa, au alete mikono yake.

Kwa wale wanaotaka kuchimba bwawa, haya ndiyo tunayofuata sasa:

1. Pima maji kwa mkono. Zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, angalia kiganja. Ukikiona vizuri, maji yana njaa, ongeza samadi kavu kidogo. Kikianza kupotea maji yakifika kwenye kiwiko, ni sawa. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, yamezidi, acha samadi, punguza chakula.

2. Chanja chakula mara mbili au tatu kwa siku, kuanzia saa nne asubuhi, jua likishapanda. Usiku usilishe.

3. Lisha mahali palepale. Sisi tumezamisha sinia iliyofungwa kamba. Baada ya nusu saa tunaivuta. Ikiwa na mabaki, kesho tunapunguza. Sinia ikiwa tupu siku tatu mfululizo, tunaongeza kidogo.

4. Mchanganyiko aliotupa mama wa dukani, kwa bwawa lenye maji ya kijani: pumba kilo 6, mashudu ya alizeti kilo 2, soya kilo 2. Soya lazima ikaangwe kwanza, maana ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia protini isiyeyushwe tumboni. Tunaukanda kwa uji mzito wa muhogo uwe matonge, ili usipotee majini. Kapi anakula chini, tonge likizama si hasara.

5. Majani ya muhogo usiyatie mabichi. Yana sumu. Yakaushe juani baada ya kuyakatakata.

6. Chakula chenye ukungu usiwape samaki, usiwape kuku, usimpe mtu. Fukia.

7. Ukiona samaki wanahema juu alfajiri, usilishe siku hiyo. Ingiza maji mapya, koroga maji kwa mabeseni mpaka jua lipande.

8. Pima samaki kila mwezi, upige hesabu upya. Wakikua, chakula kinaongezeka, lakini kwa mizani, siyo kwa huruma.

Na jambo la mwisho ni la ziwa letu. Kapi asitoke bwawani. Tangu zamani za ukoloni watu walibishana kumleta Uganda, kwa sababu anachimba matope na kuchafua maji ya samaki wengine. Kule Kenya, Ziwa Naivasha, aliingia bila kukusudiwa, akaanza kuvuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika miaka michache akawa ndiye samaki anayejaza nyavu kuliko wote. Tumeweka wavu kwenye bomba la kutolea maji, na tunawaomba wazazi mwaambie watoto: kifaranga asibebwe kwenye kopo kwenda ziwani, hata kwa mchezo. Mwenye bwawa dogo anayeogopa hilo afuge ngege, na aende kwa afisa wa uvuvi kuuliza. Vifaranga na ushauri vinapatikana pia kituo cha serikali cha Kajjansi, barabara ya Entebbe.

Baada ya mwezi mmoja tulipima tena samaki 20. Kilo 3 na gramu 600. Kila mmoja gramu 180. Hawajafika sokoni, hatujifanyi matajiri. Lakini maji hayanuki, na alfajiri bwawa limetulia.

Mama yetu? Kwenye safari ile alinunua kitu kimoja kwa hela yake mwenyewe, akakibeba mapajani njia nzima kutoka Kampala. Kilikuwa kifurushi cha mukene, wale wa kushoto, wa vichanja. Jioni tuliyofika aliwaosha, akawapika kwa nyanya na kitunguu, na watoto watano wakakaa kuzunguka sufuria. Sisi tulipita kumsalimu tukaona. Hakubaki hata kichwa kimoja cha kumtupia samaki.

Karibuni bwawani Jumamosi yoyote, saa nne asubuhi, mje mtuone tukilisha. Njooni na watoto. 

Ni sisi wenu, kikundi cha bwawa.